Ch ya Kambo

Jumanne iliyopita kitindamimba wetu alirudi kutoka masomo, akatupa mfuko wake juu ya kiti, na kabla hajavua viatu akaniuliza: "Papa, jina yetu ni Shilesh ao ni Chileshe?"

Tulikuwa uani mimi na mama yake, tunatenga majani ya sombe na vijiti vyake. Akaeleza kwamba darasani kwao ameingia msichana mpya, amekulia Chingola, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, na sasa wazazi wake wamehamia huku. Huyo msichana aliona daftari la mtoto wetu juu ya dawati, akasoma jina lililoandikwa kwenye jalada kwa sauti, lote, na e yake ya mwisho: Chileshe. Halafu akasema, "Ni jina ya kambo yangu." (Kambo kwetu ni babu au bibi, msichanganye na baba wa kambo wa pwani.) Darasa zima likacheka. Wao wanamjua Shilesh tangu mwaka wa kwanza.

"Ni yote mbili," nikamjibu.

Alinitazama akisubiri jibu lingine, akaona haliji, akaingia ndani kutafuta chakula. Mama yake hakusema kitu. Aliendelea kutenga majani, lakini alijua mawazo yangu yamekwenda wapi. Yamekwenda kwenye ile meza ya 1992.

Wewe unayesoma haya ukiwa Dar es Salaam au Mombasa huenda usione shida iko wapi. Kwako ch ni ch: chai, chumvi, chungu. Hata sisi wa Lubumbashi tukiandika Kiswahili tunaandika chai na tunasema chai. Lakini majina yetu mengi yaliingia kwenye karatasi kupitia makarani wa Kibelgiji waliosikiliza kwa sikio la Kifaransa, na kwa Kifaransa herufi c na h zikikaa pamoja hutoa sauti ya sh. Ili kuipata ch, waliandika t, s na h: tsh. Ndiyo maana mto wa Kisangani unaandikwa Tshopo. Ndiyo maana kuna Tshikapa, na Tshombe, na Tshisekedi, majina ambayo ulimi wa mtu wa Tanzania hukwama pale mwanzoni anapoyakuta gazetini, kumbe ni Chopo, Chikapa, Chombe na Chisekedi, basi. E ya mwisho nayo Kifaransa huimeza, isipokuwa imewekewa alama juu. Wafaransa waliokuwa wakiandika habari za Katanga miaka ya 1960 waliandika mara nyingi Tshombé, na alama ile ndiyo iliyomzuia msomaji wao asiishie kwenye "Chomb".

Kambo wangu hakupitia mlango huo. Yeye alitoka Luapula, upande wa Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Reli ya kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, mji ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, na kwa miaka kama ishirini iliyofuata watu wa Luapula waliletwa kwa maelfu kwenye migodi na viwanda vya Union Minière. Waliandikishwa huko huko kwao na kampuni ya Robert Williams. Kambo alikuwa mmoja wao, kijana wa miaka kumi na minane, mwaka 1926. Karani aliyemwandikisha alikuwa mtu wa Kiingereza, na kwa Kiingereza ch hutamkwa kama hii yetu, kwa hiyo aliandika kile alichokisikia: Chileshe. Kule ni jina la heshima. Karne ya 19 Wabemba walikuwa na Chitimukulu, yaani mfalme wao, aliyeitwa Chileshe Chepela, na kambo hakuchoka kutukumbusha hilo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mwaushi na hakuwa na udugu wowote na mfalme.

Karatasi ile ikavuka mpaka pamoja naye. Huku, karani mwingine akainakili kwenye kitabu cha kazi, herufi kwa herufi, bila kukosea hata moja. Halafu akainua kichwa akaita: "Shilesh!"

Watu hudhani jina la mhamiaji huharibika kwa sababu kuna mtu aliyeandika vibaya. Wamarekani wana hadithi hiyo kuhusu Ellis Island, kituo cha New York kilichofunguliwa 1892: eti maofisa wa pale waliwabadilishia wageni majina. Kumbe maofisa wale walikuwa wakikagua orodha za abiria zilizokwisha kuandikwa na watu wa meli kabla meli haijafika. La kambo nalo lilisafiri kwa karatasi hivyo hivyo. Herufi zote zilifika salama, kila moja mahali pake. Sauti ndiyo iliyoanguka njiani, na haikuwa na karatasi ya kuishika.

Kambo aliitikia yote mawili. Alfajiri, wakati wa kuitwa majina pale kambini, alikuwa Shilesh. Akirudi jioni na vumbi la kiwanda kwenye nyusi, alikuwa Chileshe. Baba yangu alizaliwa humo kambini mwaka 1938, baada ya kampuni kuamua kwamba afadhali mfanyakazi akae na mke na watoto kuliko kuletwa wapya kila msimu. Majirani walikuwa watu wa Kasai, wa Maniema, wa Ruanda-Urundi. Kila nyumba, naamini, ilikuwa na jina la mlangoni na jina la jikoni.

Baba kwa muda mrefu hakusumbuka. Alibatizwa, na kazini waliita jina la ubatizo. Kisha ikaja 1972, Mobutu akapiga marufuku majina ya Kizungu, na mtu mzima wa miaka thelathini na minne akabaki na Chileshe peke yake, mbele ya wakubwa wa kazi ambao hawakuwahi kulitamka hata siku moja. Wakalisoma kama lilivyoandikwa, kwa Kifaransa. Mimi nilizaliwa 1975, kwa hiyo kwenye cheti changu halikuwepo jina lingine la kujifichia.

Siku yangu ya kwanza masomoni, 1981, metresi aliita "Shilesh" mara tatu. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele kabisa. Sikugeuka, sikuitika, kwa sababu sikumjua huyo Shilesh, nami pia nilikuwa namtafuta kwa macho. Akaniandika sikufika. Nilirudi nyumbani nikilia. Kambo akanikalisha kwenye kigoda chake, akanifuta pua kwa kiganja, akasema: "Ile ni jina ya mukanda. Ukiisikia, itika. Lakini ile yako usiisahau." (Mukanda kwetu ni karatasi iliyoandikwa.)

Niliitika. Nilipofika mwaka wa tatu nilikuwa nageukia Shilesh haraka kuliko Chileshe. Kambo alifariki 1984, na baada yake walibaki watu wachache wa kulisema sawasawa.

Sekondari nilifundishwa na padri mmoja Mfulamingi, yaani Mbelgiji wa lugha ya Kiholanzi, mzee, mpenda mpira. Yeye ndiye wa kwanza kuniuliza: "Kwenu munalisemaka namna gani?" Nilipomwambia, akalirudia mara mbili, taratibu, mpaka likakaa. Akanieleza kwamba hata wao Wafulamingi wanateseka: kwao oe husomwa u, na jina lake lilikuwa na oe hiyo katikati, kwa hiyo kila alipokutana na Mbelgiji wa Kifaransa lilivunjwa vunjwa. Akanisimulia habari za Raymond Kopa, aliyechukua Mpira wa Dhahabu 1958. Kwao ni Kopaszewski, ukoo wa wachimba makaa wa mawe waliotoka Poland kwenda kaskazini mwa Ufaransa, na Kopa mwenyewe alishuka mgodini akiwa kijana. Sz ya Kipolandi ni sh, na w yao ni v. Wafaransa wakachoka, wakakata jina katikati, wakabaki na herufi nne. "Wewe angalau wamekuachia yote," akaniambia. Kwa miezi mingi nilitembea na maneno hayo kama pesa mfukoni. Wachimba migodi wa kule na wachimba migodi wa huku, nikawaza, na majina yao yote yamepitia mdomo ule ule.

Mwaka wa sita tulitakiwa kuleta cheti cha kuzaliwa ili kujiandikisha kwa mtihani wa Serikali. Changu kilikuwa kimeliwa na mchwa. Baba akasema tutakwenda naye komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kukitoa upya.

Nilikuwa nimejipangia jambo. Usiku mmoja, kwa mwanga wa mshumaa, nilikuwa nimeandika kwenye jalada la daftari: Tshileshe. Nikalitazama muda mrefu. Lilikuwa jina ambalo kila prefe, kila metresi, kila karani wa nchi nzima akilisoma, angelisema kama kambo alivyolisema. T na s tu, na yote yangenyooka. Nilikuwa na miaka 17, nikaona nimepata dawa.

Lakini ilikuwa Novemba 1992. Wa Lubumbashi mnaujua mwaka ule; kwa wengine nitasema kwa ufupi. Mwezi wa nane mkutano mkuu wa taifa kule Kinshasa ulimchagua Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Huku kwetu, jimbo lilipokuwa likiitwa Shaba, wanasiasa wakaanza kuwaambia watu kwamba Wakasai ni wageni na warudi kwao. Kwao wapi? Wengi walizaliwa hapa, na kambo zao waliletwa na kampuni ile ile iliyomleta wangu. Likasi nyumba ziliporwa na kuchomwa, na familia zikalala stesheni wiki hata miezi zikisubiri treni. Kwetu mambo yalikwenda polepole zaidi, lakini yalikwenda. Mwalimu alipoita majina asubuhi, kwa mpangilio wa alfabeti, alikuwa akifika kwenye T, palipojaa majina ya Wakasai yenye Tsh, anasita, anaita, hakuna sauti, anaita la pili, hakuna sauti, kisha anaendelea. Rafiki yangu wa benchi moja aliondoka mwezi wa kumi. Hakuniaga.

Na mimi, nikijua yote hayo, nilikaa na Tshileshe yangu kwenye jalada la daftari nisione yanavyogusana.

Siku hiyo mvua ilianza tukiwa kwenye foleni. Zamu yetu ilifika karibu saa sita. Kilikuwa chumba chenye dirisha moja, harufu ya karatasi iliyolowa, na meza iliyobeba mashine ya kuandika pamoja na kitabu kikubwa cha kumbukumbu chenye mgongo uliofungwa kwa plasta ya hospitali. Nyuma ya meza alikaa mzee aliyemzidi baba umri, amevaa sweta licha ya joto, miwani yake mkono mmoja umefungwa kwa uzi mweusi. Mbele yake kulikuwa na kibao cha jina, vile vya mbao, herufi nyeupe juu ya rangi nyeusi. Kilikuwa kimefunikwa na kitambaa cha kufutia vumbi.

"Jina ya mutoto?"

"Chileshe," akasema baba. Alilisema kama kambo.

Mzee alikuwa amekwisha kuupata ukurasa wa mwaka 1975, kidole kikishuka kwenye safu ya majina. Kidole kikasimama. Akainua macho. "Chileshe," akarudia, sawasawa kabisa, kama mtu anayeonja chumvi. "Lakini humu banaandika Ch."

Nikaona ndio wakati wangu. Nikasema, kwa Kifaransa kwanza ili nionekane mtu wa sekondari, kisha kwa Kiswahili, kwamba nataka cheti kipya kiandikwe vile jina linavyosemwa. Kwa Tsh.

Baba akanigeukia. Sikuwa nimemwambia. Mvua ilikuwa ikipiga bati, na kwa muda hakuna aliyezungumza.

Mzee hakukasirika. Alivuta fomu ya zamani, akaigeuza upande usioandikwa, akachukua kalamu. Mwandiko wake ulikuwa wa mwalimu wa zamani, herufi zimelala upande mmoja, zote kimo kimoja. Akaandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu:

Chileshe
Shileshe
Tshileshe

Akaigeuza karatasi itutazame sisi. "Ya kwanza ni vile imeandikwa," akasema. "Ya pili ni vile banaisoma. Ya tatu ni vile munaisemaka. Jina ni moja."

Nililitazama la tatu. Wino ulikuwa bado unang'aa. Nilitaka kusema ndiyo, hilo.

Ndipo akaweka kidole chake cha shahada juu yake. Aliweka mwanzoni tu, kikafunika T na s na h, ikabaki ileshe peke yake. Ukucha ulikuwa umepasuka kati, na wino umeingia kwenye ufa. Hakukiondoa. "Hii hapana, mwana yangu," akasema, na sauti ikashuka hata nikalazimika kuinama. "Mwaka huu hapana."

Baba alikitazama kidole. Kisha macho yake yakahama kidogo kwenda kushoto, nami nikayafuata. Kitambaa cha vumbi kilikuwa kimesogea, pengine mzee alikigusa alipovuta fomu. Kona ya kibao ilikuwa wazi. Zilionekana herufi tatu, nyeupe juu ya nyeusi, halafu kitambaa.

T, s, h.

Mzee aliona tumeona. Hakukivuta kitambaa. Alibaki amekaa vile vile, kidole kwenye jina letu, na jina lake limefunikwa.

"Na hii ya pili?" baba akauliza baada ya muda.

"Shileshe inaweza. Hakuna mwenye atabauliza kitu. Na mutoto atasomewa vile vile banamusomea sasa, haitamuletea matata."

Baba akaivuta karatasi karibu. Nilimwona akilisoma la pili kwa midomo, bila sauti. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na alipofikiri alikuwa na tabia ya kusugua goti kwa kiganja. Alisugua goti. Kisha akasema, akimwambia mzee lakini nadhani akiniambia mimi:

"Shileshe si mutu. Tukiandika hii, hata mutu ya Luapula akiiona hataitambua. Acha Ch. Bakosee kuisoma. Lakini jina itakuwa mule ndani, na siku moja mwenye kuijua atakuja kuisoma."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaichukua ile fomu, akaichana katikati, tena katikati, mpaka vikawa vipande vidogo kama punje za mahindi. Kapu la takataka lilikuwa pale miguuni pake. Hakutupa humo. Alivitia vipande vyote katika mfuko wa sweta.

Halafu akaweka karatasi mpya kwenye mashine. Utepe wa wino ulikuwa umekauka, kwa hiyo kila herufi aliipiga mara mbili. C mara mbili. H mara mbili. Nilizihesabu zote hadi e ya mwisho, na kila moja iliingia moyoni kama msumari kwa sababu nilikuwa bado nasikitika, nilikuwa bado naona nimenyang'anywa kitu.

Baba alilipa, tukasimama. "Mwende salama," mzee akasema. Na baba akajibu kama anavyojibu kila mtu, kama wote tunavyojibu bila kufikiri: "Mubaki salama."

Neno lilimtoka, kisha akalisikia. Nililiona likimrudia usoni. Kubaki. Alisimama na cheti mkononi, mdomo wazi kidogo, kama anayetafuta neno lingine la kuagana ambalo halina kubaki ndani yake, na Kiswahili hakikumpa. Mzee alitabasamu. "Asanti, Tata," akasema. "Tutaona."

Njiani baba hakusema kitu mpaka tulipokaribia nyumbani. Hapo akasema tu: "Ule mutu eko na batoto." Hatukulizungumza tena.

Januari nilirudi komini peke yangu kupigiwa muhuri uliosahaulika. Kwenye meza alikaa kijana. Kibao hakikuwepo, wala kitambaa. Nikauliza yule mzee yuko wapi. "Aliendaka," akasema, akaugonga muhuri.

Nimejaribu mara nyingi kuyapanga mambo haya na hayapangiki. Kuna siku nasema baba alifanya vizuri, alilinda jina. Kuna siku nasema tulijificha chini ya Ch ya kambo, na wenzetu hawakuwa na herufi ya kujificha chini yake. Kambo wangu alivuka mpaka wa nchi na nchi. Alikuja kutoka koloni la Mwingereza. Watu wa yule mzee walitoka Kasai, ndani ya Kongo hii hii, bila kuvuka mpaka wowote. Mwaka ule wao ndio walioitwa wageni, na sisi hakuna aliyetuuliza kitu. Hilo sijapata mtu wa kunieleza. Na ninaposema "yule mzee" ni kwa sababu sina jina la kumwita. Ninazo herufi tatu tu za mwanzo. Yeye alilisema langu sawasawa mara ya kwanza alipolisikia, na mimi lake sikuwahi kulisema.

Baba alitutoka 2009. Hakumwona msichana wa Chingola.

Jumatano usiku nilimsimulia mtoto habari hii, si yote, ya kambo na ya makarani waliomwandika. Alisikiliza vizuri. Mwishoni akaniambia kwamba yeye Shilesh anaipenda, marafiki zake wote wanaijua, na ile nyingine ikimwita anaona kama anaitwa mtu mzima. Sikumkatalia. Nilimwomba tu alitamke mara moja, kwa ajili yangu, na akalitamka, na alilisema vizuri kabisa, na e yake.

Ijumaa nilikwenda kumchukua mimi mwenyewe. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, watoto wanaruka madimbwi, kelele tupu. Wetu alikuwa amechuchumaa kando ya lango, anafunga mkanda wa kandambili yake. Msichana mmoja mwenye sweta la kijani akatoka mbio darasani na daftari mkononi, nadhani la kwetu, limesahaulika, akapaza sauti uani kote: "Chileshe! Chileshe!"

Mtoto aliendelea kufunga mkanda wake. Aliyegeuka ni mimi.